Nywele zangu zimekutwa na zebaki. Je, ndiyo inayomchelewesha mwanangu kusema?

"Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi miwili. Ana maneno kama kumi tu: mama, baba, maji, hapana na mengine machache, na hajawahi kuunganisha mawili. Anaelewa tunachomwambia, au angalau nadhani anaelewa. Nilipokuwa na mimba yake nilikula samaki karibu kila siku kwa sababu niliambiwa samaki hujenga ubongo wa mtoto, na niliyempenda zaidi ni jodari. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nakula jodari mara nne hivi kwa wiki. Kisha nikasoma habari za zebaki, nikashikwa na hofu, nikapeleka nywele zangu maabara. Majibu ni maikrogramu 2.4 kwa gramu, na pembeni wameandika kwa wino mwekundu 'juu ya kiwango'. Muuzaji mmoja wa virutubisho ameniambia ubongo wa mtoto umeshaathirika, na ana matone ya kutoa zebaki mwilini. Sasa nina mimba nyingine ya wiki 15. Nimeacha samaki kabisa. Usingizi sipati. Je, ni mimi niliyemharibu mwanangu? Nimpime? Nimpe hayo matone? Na huyu aliye tumboni itakuwaje?"

Dada, umeuliza maswali manne na hofu imeyafunga fundo moja. Nitayafungua, ila si kwa mpangilio uliyoyaandika, kwa sababu kwenye cheti chako kuna jambo ambalo aliyekukabidhi alipaswa kukueleza kabla hujatoka mlangoni: namba ile haimhusu mwanao.

Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Unapotengenezwa chini ya ngozi, zebaki iliyo kwenye damu siku hizo huingia katika protini yake na kukwama humo. Ukishachomoza nje, damu haiongezi kitu wala haipunguzi. Kwa hiyo unywele husomeka kama kalenda inayoanzia kichwani: sentimita iliyo jirani na ngozi ni mwezi uliopita au uliotangulia, inayofuata ni mwezi wa nyuma yake, na kuendelea mpaka nchani. Mwanao ana miezi 26. Miezi yake tisa ya tumboni imeandikwa mbali, kati ya sentimita ya 26 na ya 35 kutoka kwenye ngozi, kama nywele hizo bado unazo na hazijapita kwenye mkasi. Maabara huwa zinachukua sentimita chache za mwanzo. Maana yake 2.4 ni habari za jodari uliyemla miezi hii ya karibuni. Anayehusika ni wewe na huyu wa wiki 15.

Jiulize pia nywele zako zilichukuliwaje. Sampuli iliyochukuliwa vizuri hukatwa kisogoni, kishungi chembamba, mkasi ukigusa ngozi. Kishungi hufungwa uzi upande wa shina ili mpimaji ajue upande upi ni wa juzi na upi ni wa mwaka jana. Kama ulipeleka nywele zilizookotwa kwenye kitana, kalenda imechanganywa kurasa na hakuna atakayeisoma. Kama nywele zako zimewekwa dawa ya mawimbi, zebaki inaweza kusomeka pungufu. Na kama unapaka krimu ya kung'arisha ngozi, nieleze mapema, kwa maana baadhi ya krimu hizo zina zebaki ya aina nyingine kabisa, inayoweza kushika unywele kutoka nje na kupotosha hesabu nzima. Zebaki hiyo tunaitafuta kwenye mkojo. Ya samaki mkojo hauionyeshi vizuri, kwa kuwa njia yake kubwa ya kutoka ni choo kikubwa.

Tuseme basi sampuli ilichukuliwa vizuri. Je, 2.4 ni nyingi? Ule wino mwekundu una historia yake. Mwaka 2000 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia takwimu za watoto waliopimwa na kukadiria kwamba kiasi cha maikrogramu 58 kwa lita katika damu ya kitovu ndicho cha kuanzia hesabu, kwa kuwa hapo ongezeko la watoto wenye matokeo ya chini linaanza kuonekana. Ukihamisha kwenye nywele za mama unapata kama 12 kwa gramu. Shirika la mazingira la nchi hiyo likagawanya kwa kumi, ili kuwakinga hata akina mama ambao miili yao huitoa zebaki polepole na watoto walio wepesi kuathirika. Ndipo ikapatikana ile 1 inayotumiwa na maabara nyingi. Ni uzio uliojengwa mbali na korongo kwa makusudi. Wewe umeshauvuka uzio, lakini korongoni hujafika. Sikuambii hivyo ili uendelee kama zamani. Hakuna aliyethibitisha kiwango ambacho chini yake madhara ni sifuri, kwa hiyo namba hiyo tutaishusha, na kuishusha si kazi ngumu.

Inafikaje huko kwenye samaki? Zebaki hutoka kwenye volkano, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa na kwenye uchenjuaji wa dhahabu, hupeperuka angani na mwishowe huangukia majini. Ndani ya tope lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methilizebaki, na ni huyo methilizebaki tunayemzungumzia hapa, wala si ile zebaki ya kung'aa ndani ya kipimajoto. Mwani huinyonya, vijidudu vya majini humla mwani, samaki wadogo huwala vijidudu, na mkubwa humla mdogo. Kila anayekula hurithi shehena ya aliyeliwa na kuitoa polepole mno, hata samaki mwindaji aliyezeeka huwa nayo mara milioni moja au zaidi kuliko maji anayoogelea. Inakaa kwenye nyama yenyewe, imeshikamana na protini. Ndiyo maana kuchemsha, kukaanga, kukamua ndimu au kuondoa ngozi na mafuta hakusaidii chochote. Samaki akipungua maji jikoni, zebaki kwa kila gramu ndiyo kwanza inaongezeka.

Ukila, kama asilimia 95 hufyonzwa tumboni. Kisha inafanya ujanja ambao mpaka leo hunishangaza ninapowafundisha wanafunzi. Hujishikiza kwenye sisteini, mojawapo ya amino asidi za kawaida, na muungano huo unafanana sana na methionini, amino asidi ambayo ubongo unaihitaji na unaifungulia mlango. Mlinzi anamwona mgeni amevaa nguo za mwenyeji, anampitisha. Kondo la nyuma lina mlango kama huo. Na kwa kuwa mtoto anayejengeka huvuta amino asidi kwa pupa, damu ya kitovu mara nyingi huwa na methilizebaki zaidi kuliko ya mama, kwa wastani mara 1.7 hivi.

Kwa mtu mzima sumu hii, ikizidi sana, huchagua mahali pa kushambulia: sehemu ya ubongo inayoona, na serebela inayosawazisha mwendo. Kwa kijusi haichagui. Ubongo wake uko kwenye ujenzi, seli za neva zinazaliwa katikati na kusafiri kwenda kwenye tabaka zake, kila moja na zamu yake, zikitumia vijibomba vidogo vya protini kama reli. Methilizebaki huvuruga vijibomba hivyo. Seli zilizokosa njia husimama mahali pasipo pake, na hazirudi nyuma kuanza upya. Hiyo ndiyo sababu tunaangalia zaidi miezi ya mimba kuliko umri mwingine wowote.

Tunajuaje yote haya? Kwa bahati mbaya, kwa gharama ya watu. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zenye methilizebaki ghubani kwa miaka mingi. Paka walionekana wakiyumba na kuzungukazunguka kabla ya watu kuugua, na ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Kilichowashtua madaktari zaidi ni watoto waliozaliwa na mtindio mkali wa ubongo, hawakai, hawasemi, ilhali mama zao walikuwa na dalili ndogo au hawana kabisa. Mpaka hapo wengi waliamini kondo humkinga mtoto. Kuna kitu kimoja katika habari hiyo sijawahi kukisahau. Familia za Japani huwa zinahifadhi kipande kikavu cha kitovu cha mtoto ndani ya kijisanduku, kama kumbukumbu. Miaka mingi baadaye watafiti waliviomba vile vipande, wakavipima, na vikasema kiasi cha zebaki kilichompitia kila mtoto kabla hajazaliwa.

Kisha majira ya baridi ya 1971 na 1972, Iraki. Mbegu za nafaka zilizopakwa dawa ya ukungu yenye methilizebaki ziliokwa mikate badala ya kupandwa. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa na 459 wakafia hospitalini. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walifuatiliwa, na wengi walichelewa kutembea na kusema.

Naona hapo kwenye "kuchelewa kusema" umesimama, kwa hiyo na mimi nasimama. Nywele za baadhi ya akina mama wa Iraki zilikuwa na mamia ya maikrogramu kwa gramu. Wewe una 2.4. Nguvu ya sumu iko kwenye kipimo chake, na muuzaji wako wa matone ameruka hatua hiyo.

Kwa viwango vya walaji wa kawaida wa samaki ilibidi kufanywa utafiti wa aina nyingine, wa kupima mamia ya mama na watoto kwa miaka. Tafiti mbili kubwa zilitoa majibu yaliyoonekana kupingana. Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, walianza na watoto 1,022 waliozaliwa 1986 na 1987, ambao mama zao walipata zebaki zaidi kwenye nyama ya nyangumi. Walipofika miaka saba, 917 kati yao walipimwa lugha, usikivu wa akili, kumbukumbu na kazi za mikono. Waliokuwa na zebaki nyingi kitovuni walikuwa nyuma kidogo, na watafiti walikadiria kwamba zebaki ikiongezeka maradufu mtoto anakuwa nyuma kama mwezi mmoja au miwili ya ukuaji katika uwezo ulioguswa. Shelisheli nao waliandikisha mama na watoto 779 kuanzia 1989. Mama hao walikula samaki kama mara 12 kwa wiki, nywele zao zilikuwa na wastani wa karibu 7, na miaka yote ya kuwafuatilia watoto wao haikuonyesha madhara yanayojirudia kwa mpangilio.

Nani mkweli? Wote wawili, kwa maoni yangu. Nyangumi si samaki. Nyama yake ina zebaki nyingi kwa mkupuo, na mafuta yake yana sumu nyingine za viwandani. Samaki wa baharini, kwa upande wake, analeta mafuta ya omega-3, iodini na seleniamu, vitu vinavyoujenga ule ubongo ambao zebaki inaubomoa. Mama anayekula samaki wengi anapata vyote viwili kwenye sahani moja, na kimoja kinaficha kingine. Watafiti walipoanza kutenganisha hivyo viwili kwenye hesabu, picha ilieleweka zaidi: kwa kiasi kilekile cha zebaki, mtoto wa mama aliyekula samaki wenye lishe hufanya vizuri zaidi.

Sasa nikupe hesabu unayoweza kuishika mkononi. Uchambuzi uliounganisha tafiti za Faroe, Shelisheli na Nyuzilandi, uliochapishwa 2007, ulikadiria kwamba kila maikrogramu moja ya ziada kwenye nywele za mama inapunguza kipimo cha akili cha mtoto kwa alama 0.18. Tukichukulia kwamba ulipokuwa na mimba ya mwanao ulikuwa na 2.4 kama sasa, tunazungumzia chini ya nusu alama. Mtoto yuleyule akipimwa Jumatatu na tena mwezi ujao, matokeo yanaweza kutofautiana kwa alama kadhaa kwa sababu tu siku moja hakulala mchana. Madhara ya ukubwa huo yana maana kwa taifa zima, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana mwaka 2013 Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki duniani. Yanaonekana ukipima watoto mia tisa. Kwa mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu hakuna daktari anayeweza kuyaona, na hakuna kiasi kidogo namna hii kinachomfanya mtoto wa miezi 26 awe na maneno kumi.

Kwa hiyo, hapana, dada. Sioni sababu ya kusema ulimharibu.

Lakini sikuruhusu upumue ukaishia hapo, kwa sababu mtoto bado ana maneno kumi. Kwa umri wake tungetarajia hamsini hivi na kuendelea, na vijisentensi vya maneno mawili kama "baba njoo". Hofu ya zebaki ina madhara haya ambayo hayaandikwi kwenye cheti: wazazi hushughulika na sumu miezi sita, na mtoto hajapimwa masikio.

Umeandika, "au angalau nadhani anaelewa." Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Nilikuwa na mtoto kliniki ambaye familia nzima iliapa anaelewa kila kitu. Mama akisema "leta viatu," analeta. Nikamwomba mama arudie maneno yaleyale, safari hii amefunika mdomo kwa karatasi, mikono iko mapajani, macho hayaelekei mlangoni. Mtoto akamtazama tu, akitabasamu. Alikuwa anasoma midomo, vidole na mwelekeo wa macho, hodari kweli, huku masikio yote mawili yamejaa majimaji nyuma ya kiwambo. Jaribu hilo nyumbani leo, kwa amri ambayo haiendani na wakati: usiombe viatu mkiwa mnatoka, omba kijiko mkiwa chumbani. Akifaulu, vizuri, ila bado hakutoshi kuwa kipimo. Akishindwa, unajua pa kuanzia. Kwa vyovyote vile nataka apimwe usikivu kwa vifaa, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Majimaji ya masikioni ni ya kawaida mno kwa watoto wa umri wake na hutibika.

Pamoja na masikio, apimwe ukuaji wote kwa ujumla. Mpimaji atakuuliza kama anaonyesha kwa kidole kitu anachotaka wewe nawe ukione, kama anageuka akiitwa jina, kama anacheza mchezo wa kuigiza kama kumlisha mwanasesere, kama kuna ndugu waliochelewa kusema, na lugha ngapi zinazungumzwa nyumbani. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kwa kiasi hiki. Hesabu maneno ya zote mbili kwa pamoja. Akitilia shaka usonji atakwambia hatua zinazofuata. Na kama mnaishi kwenye nyumba ya rangi zilizozeeka na kubanduka, au jirani na mahali pa kuyeyushia betri, aombewe kipimo cha madini ya risasi kwenye damu. Kwa mtoto anayetia vitu mdomoni, risasi inanitia wasiwasi kuliko hiyo zebaki yako.

Kumpima yeye zebaki? Kama naye amekuwa akila jodari nawe mara nne kwa wiki, kipimo cha damu kina maana, kitatuambia anachokula sasa. Kama yeye hali jodari, usimchome sindano bure. Damu yake ya leo haikumbuki chochote cha tumboni. Methilizebaki hupungua nusu kila baada ya siku 50 hivi, na mtoto mwenyewe amekua mara kadhaa tangu azaliwe.

Matone: hapana, na hapa sina lugha ya upole. Hakuna majani wala mwani uliothibitishwa kuitoa methilizebaki kwenye ubongo. Dawa halisi za kunasa metali zipo, zinatumika hospitalini kwa sumu kali, na hata hizo hazirudishi ujenzi uliokwisha kuvurugika. Zinaondoka pia na madini ambayo mtoto anayahitaji. Marekani, kati ya 2003 na 2005, watoto wawili na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kupewa dawa ya kundi hilo iliyoporomosha kalisi kwenye damu yao. Utakutana pia na kipimo cha mkojo kinachofanywa baada ya kumeza dawa ya kunasa metali, kisha matokeo yanalinganishwa na ya watu ambao hawakumeza. Karibu kila anayepimwa hivyo huonekana ana sumu, na pembeni ya matokeo pana bei ya matibabu. Kimbia.

Kwa kuwa mwanao yuko umri wa chanjo na najua swali linakuja: zebaki inayotumika kuhifadhi baadhi ya chanjo ni ya aina ya ethili, hutoka mwilini haraka zaidi kuliko methilizebaki, na hesabu zote za hapa hazihusiani nayo. Endelea na chanjo.

Sasa mimba. Kuacha samaki kabisa ndiyo hatua pekee uliyochukua ambayo naomba uitengue. Jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, lililokutana 2010 liliona kwamba kwa mama mjamzito kukosa samaki nako kuna hasara kwa ubongo wa mtoto, na mamlaka za Marekani zinashauri mjamzito ale kati ya gramu 225 na 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo. Badili samaki, usiache samaki.

Tazama tofauti ilivyo kubwa. Kikomo cha Marekani cha zebaki ya kula, kwa mama wa kilo 60, ni kama maikrogramu 42 kwa wiki (kamati ya pamoja ya FAO na WHO inaruhusu hadi 96, Ulaya iko katikati, hawajakubaliana, wala isikukoseshe usingizi). Kwa wastani wa vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, gramu 150 za sadini zina maikrogramu 2. Salmoni kiasi hichohicho, 3 hivi. Kopo la jodari lililoandikwa "light", gramu 120 bila maji yake, 15. Jodari mweupe wa kopo (albacore), gramu zilezile, zinakufikisha 42, yaani wiki nzima imekwisha kwa mlo mmoja. Jodari wakubwa wa bahari kuu wenye macho makubwa huwa na mara mbili ya huyo. Papa, gramu 150, ni kama 150: wiki tatu na nusu kwenye sahani moja. Kanuni ya kukumbuka sokoni ni umbo na umri. Samaki unayeweza kumla mzima pamoja na miiba yake hakuishi muda wa kutosha kukusanya kitu. Anayeuzwa kwa vipande kama magogo, mwache mpaka utakapomaliza kunyonyesha. Kwa samaki wa mto au ziwa ambamo kunachenjuliwa dhahabu, uliza idara ya afya ya eneo kabla ya kula, hasa wale wanaowinda wenzao.

Na kunyonyesha unyonyeshe. Methilizebaki hupita kidogo sana kwenye maziwa ukilinganisha na kondo.

Una wiki 15. Ukishika samaki wenye zebaki kidogo, hata tukihesabu kuanzia leo tu, kufikia wiki ya 22 ile ziada uliyokuwa nayo itakuwa imebaki nusu, na kufikia wiki ya 30, robo. Miezi mitatu ya mwisho, ambayo ubongo wa mtoto huongezeka uzito kwa kasi kubwa, itakukuta ukiwa karibu na ile 1 au chini yake. Ni mabadiliko ya manunuzi tu, hakuna dawa ndani yake. Mweleze mkunga wako namba hiyo iandikwe kwenye kadi, na baada ya miezi mitatu kata nywele tena, kisogoni, na uombe wapime sentimita ya kwanza peke yake.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Mwanao akipoteza maneno aliyokuwa nayo, akianza kuyumba au kuanguka, akipata degedege, au akiacha kukutazama usoni, mpeleke siku hiyohiyo. Wewe mwenyewe ukipata ganzi ya midomo na vidole isiyoondoka, ukiona pembeni kumefifia kama unachungulia kwenye bomba, au mwendo ukikupotea, nenda hospitali na cheti chako mkononi. Kwa 2.4 sitarajii lolote kati ya hayo. Likitokea lina chanzo kingine, na chanzo hicho kinahitaji kutafutwa haraka.

Miadi ya masikio ifanye wiki hii. Unapokwenda, andika yale maneno kumi kwenye karatasi jinsi anavyoyatamka yeye, "mai" iwe "mai", usimsahihishie. Mpimaji atataka kuona ni sauti zipi zinakosekana, kwa maana mtoto asiyesikia sauti fulani hawezi kuitamka.